Mtera au Nyumba ya Mungu? Ukitaka kuweka mtaji kando ya bwawa la umeme

"Shikamoo mjomba. Eti, Mtera au Nyumba ya Mungu?"

Mpwa wangu aliingia na swali hilo la mabwawa yetu mawili ya umeme hapa Tanzania kwenye simu kabla sijamaliza kuitikia marahaba. Kapata mafao yake baada ya miaka kumi na moja kiwandani, anataka kununua samaki kwa jumla mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, na kuwapeleka mjini, na ikiwezekana apate kipande cha kulima karibu na maji. Mimi nimechuuza samaki Mtera miaka minne, Nyumba ya Mungu mwaka mmoja na nusu, akadhani jibu ninalo mdomoni. Sikuwa nalo. Nilimwomba siku mbili nimwandikie, na haya ndiyo niliyomwandikia, nikiwa nimeondoa ya ukoo.

Kwanza ujue unakwenda kwa nani

Mabwawa haya si maziwa ya asili. Ni maghala ya maji ya umeme, na mwenye ghala ni mashine. Mvuvi wa Ziwa Victoria akiamka, ziwa analikuta lilipo. Wa Mtera anakwenda msibani wiki tatu za Oktoba, akirudi anaukuta mtumbwi wake umekaa juu ya tope lililopasuka. Hakuna aliyemwibia maji. Yameshuka kuzungusha mitambo, kama yalivyokusudiwa tangu mwanzo.

Mtera ilijengwa kati ya 1975 na 1979 kwenye Mto Ruaha Mkuu, na mitambo yake yenyewe, megawati (MW) 80, ikaanza kazi 1988. Hesabu hapo: karibu miaka kumi bwawa lilikuwa tangi tu, linapokea maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo kiangazi ili kituo cha Kidatu chenye MW 204 kisisimame. Leo maji hayohayo yakitoka Kidatu yanaingia Rufiji na kufika Bwawa la Julius Nyerere, MW 2,115. Tone moja linafanya kazi mara tatu.

Nyumba ya Mungu limetangulia kwa umri, ni la katikati ya miaka ya 1960, ila umbo lake ni dogo. Lipo pale Mto Kikuletwa unapokutana na Mto Ruvu (si Ruvu ya Pwani, ni ule unaotoka Ziwa Jipe), na kuanzia hapo mto unaitwa Pangani. Mitambo yake ni MW 8 tu, mtu anaweza kucheka. Asicheke. Kazi yake kubwa ni kulisha vituo vya Hale, MW 21, na New Pangani Falls, MW 68, kule mkoani Tanga. Nako tone linafanya kazi mara tatu.

| | Mtera | Nyumba ya Mungu |
|---|---|---|
| Mito | Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo, Kisigo | Kikuletwa na Ruvu |
| Mikoa | Dodoma na Iringa | Kilimanjaro na Manyara |
| Eneo likijaa | zaidi ya km² 600 | km² 140 hadi 180 |
| Ukuta | zege | tuta la udongo na mawe |
| Umeme wake | MW 80 | MW 8 |
| Bodi ya maji | Bonde la Rufiji | Bonde la Pangani |

Maji: lipi linakimbia zaidi

Mtera ni sinia, si ndoo. Likijaa, maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Katikati yake kuna mita nane na nusu tu, ila zimetandazwa juu ya eneo ambalo ukisimama upande mmoja huoni wa pili. Kina kikishuka kwa kimo cha mtoto wa darasa la pili, ufukwe unarudi nyuma mpaka uutafute. Upande wa Migoli, kule mkoani Iringa, nilikuwa na mwalo ambao mwezi wa nne tulipakia samaki hatua chache kutoka kwa mama lishe. Mwezi wa kumi na moja vijana walibeba matenga kichwani kwa nusu saa nzima, na kila tenga lilikuwa na ujira wake. Faida yangu ya mwezi ule iliishia kwenye shingo za watu.

Jifunze kusoma miti. Mtera walipoujaza, miti haikuondolewa yote. Mingi imesimama majini hadi leo, mikavu, meupe, na ndege wamejazana juu yake. Kwenye mashina kuna mstari: chini yake rangi ya tope, juu yake weupe wa jua. Huo mstari ni kitabu cha hesabu. Pima umbali kati yake na maji ya leo, utajua bwawa limeshuka kiasi gani tangu lilipojaa mara ya mwisho. Mimi nilikuwa na kisiki changu karibu na njia ya kuingilia mwaloni, nilikitazama kila Jumatatu kuliko nilivyotazama salio la simu.

Tatizo la Mtera liko mbali na Mtera. Ruaha Mkuu unapita Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na ardhioevu ya Ihefu, kisha ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Kisigo nao ni wa msimu, unakuja kwa kishindo na kuondoka bila kuaga. Kwa hiyo kiangazi bwawa linabaki linakula akiba yake, pamoja na kile kinacholetwa na Ruaha Mdogo. Mwaka 2006 tuliuona mgao wa umeme ambao kina cha Mtera kilisomwa redioni kama matokeo ya mpira. Oktoba 2015 ukame ulifanya vituo vya umeme wa maji vizimwe tena. Halafu kuna miaka ya mvua kama El Niño ya 1997/98, bwawa linajaa hadi linafungua milango. Ukiweka mtaji Mtera, umeuweka kwenye hiyo bembea.

Nyumba ya Mungu lina mama mwema zaidi. Kikuletwa unalishwa na chemchemi za miteremko ya Meru na Kilimanjaro ambazo hazikauki. Maji ya Chemka, pale vijana wanapokwenda kuogelea na kupiga picha, ni sehemu ya hayo. Ila mama huyo ana watoto wengi. Huko juu kuna miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, skimu za mpunga za Moshi, mifereji ya Wachagga iliyopo tangu enzi za mababu, na miji miwili mikubwa. Na bwawa lenyewe sasa linatoa maji ya kunywa: mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025, unachota humo. Kisheria maji ya kunywa yanatangulia mengine, na ndivyo inavyotakiwa. Mwaka wa ukame utakapokuja, foleni ni hii: kwanza mabomba, kisha mitambo na umwagiliaji kwa vibali vya bodi ya bonde, na mvuvi yuko nyuma kabisa. Mvuvi hana kibali cha maji. Ana leseni ya samaki tu.

Kwa utulivu wa maji, basi, Nyumba ya Mungu lina nafuu. Kwa ukubwa wa nafasi, Mtera.

Samaki

Utasikia wazee wa Lang'ata, ufukweni mwa Nyumba ya Mungu, wakisimulia zamani zile mtu anatupa wavu na kuutoa umejaa perege mpaka mtumbwi unanung'unika. Si porojo. Mwaka 1970 Nyumba ya Mungu lilitoa karibu tani 28,000 za samaki, watu wakahamia kutoka mbali, vijiji vikaota ufukweni. Miaka michache baadaye mavuno yalikuwa yameporomoka hadi elfu chache, na hayajawahi kurudi kule.

Sababu ni muhimu kwako, kwa hiyo nivumilie. Bwawa jipya linapojaa linafunika majani, vichaka, samadi ya ng'ombe na udongo wenye rutuba. Vyote vinaoza majini, vinalisha vijimea na wadudu, samaki wanakula na kuzaliana kama wamealikwa harusini. Chakula cha karamu hakidumu. Rutuba ya awali ikiisha, bwawa linabaki na kile mto unacholeta tu, ilhali wavuvi waliokuja kwa ajili ya karamu bado wapo, na nyavu zao bado zipo, na matundu ya nyavu yanazidi kuwa madogo. Bwawa lolote la umeme linapita humo. Ukiambiwa na mtu kwamba bwawa fulani "lina samaki hatari", muulize kwanza lina umri gani.

Kwa sababu hiyo Nyumba ya Mungu limewahi kufungwa kwa uvuvi miezi mingi mfululizo ili samaki wakue. Ni jambo zuri kwa samaki na janga kwa mchuuzi aliyekopa. Mwezi ule nilipofungiwa nilikuwa na majokofu mawili ya barafu, kijana wa kazi na chumba cha kupanga, vyote vinakula bila kuzalisha. Sikuwa nimeuliza. Wewe uliza kabla ya kulipa kodi ya chumba: uvuvi umefunguliwa hadi lini, na BMU ya mwalo huo, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, inasemaje. Kama viongozi wa BMU wanakukwepa, mwalo huo una makokoro, zile nyavu za kukokota zinazozoa hata samaki wachanga.

Mtera nako kuna perege na kambale, wapo na wengine. Kwa kuwa maji yanapanda na kushuka sana, nyasi zinaota ufukweni kiangazi na kufunikwa masika, kila mwaka karamu ndogo inajirudia. Mwaka unaofuata mafuriko mazuri unaona samaki wenye mwili. Mwaka wa ukame wote wanajibana kwenye maji machache, wavuvi wanawakomba, bei mwaloni inaanguka, na asiyejua anasema neema imekuja. Ukiona samaki wengi, wadogo, wa bei ya kutupa, mwezi wa kumi, ujue unanunua mbegu ya mwakani.

Visiki navyo vina pande mbili. Vinachana nyavu, kwa hiyo mvuvi wa Mtera anatumia hela nyingi kushona na kununua nyavu, na gharama hiyo unailipa wewe kwenye bei. Lakini visiki hivyohivyo vinazuia makokoro kukokotwa ovyo, samaki wanapata pa kujificha. Mzee mmoja wa Migoli aliniambia miti ile ni askari wasiolipwa mshahara.

Sheria ni zile zile pande zote: kokoro hairuhusiwi, nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, haziruhusiwi, na mchuuzi akikamatwa na samaki wachanga hana kinga ya kusema "mimi nimenunua tu". Tenga linamwagwa, faini unalipa, na gari linaweza kuzuiliwa.

Mambo ya mkono wa mchuuzi nitakuambia tukionana, ila hili moja lishike sasa. Usinunue samaki wa tenga kwa kuangalia safu ya juu. Ingiza mkono hadi chini, toa mmoja wa katikati, funua matamvua. Yakiwa mekundu, endelea. Yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, huyo kavuliwa jana jioni na amelala bila barafu, na walio chini yake wana hali mbaya zaidi. Muuzaji atakasirika. Mwache akasirike.

Njia na soko

Hapa sina haja ya kuzunguka. Barabara kuu ya Iringa–Dodoma, ambayo sasa ni lami, inapita juu ya ukuta wa Mtera wenyewe. Uko karibu katikati ya miji hiyo miwili, mabasi yanasimama, abiria wananunua samaki wa kukaanga dirishani wakiwa bado na usingizi. Samaki aliyevuliwa alfajiri anaweza kuwa Dodoma kabla ya chakula cha mchana, na Dodoma ya leo, na wafanyakazi wa serikali waliohamia, inakula.

Nyumba ya Mungu unachepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha na kuingia vumbini. Masika vumbi linakuwa tope, na Noah iliyokwama na barafu inayoyeyuka si kitu cha kumtakia mtu. Lakini ukifika lami, Moshi na Arusha ziko karibu, zina hoteli na watalii na bei nzuri kwa samaki safi mkubwa. Mwenye gari lake zuri na wateja wa hoteli wanaolipa kwa wakati hawezi kulia. Mwenye kutegemea bodaboda na usafiri wa kuungaunga, Mtera.

Kulima pembeni

Ulisema unataka kipande karibu na maji. Kwanza sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Atakayekuuzia shamba "linalogusa maji" anakuuzia kesi. Na mita 60 kutoka wapi, wakati maji yenyewe yanahama? Hesabu kutoka pale yanapofika bwawa likijaa, usihesabu kutoka pale ulipoyakuta mwezi wa tisa.

Mtera watu wanalima kwenye unyevu unaobaki maji yakirudi nyuma. Udongo ule mahindi yanaota bila mbolea, nakiri. Jirani yangu mmoja alipanda mwezi wa kumi, shamba likapendeza hata tukamwonea wivu. Mwezi wa kwanza Kisigo ukashuka na mvua za Manyoni, bwawa likapanda, na siku ya tatu tulikuwa tunavuna mahindi mabichi kwa mtumbwi. Tulicheka. Yeye alikaa juu ya jiwe hajacheka.

Tena ardhi ile si ya mkulima peke yake. Kiangazi ng'ombe wa Wagogo, Wamasai na Wasukuma wanashuka kunywa, na nyasi za ufukweni ndizo pekee zilizobaki mbichi. Ukipanda njiani mwa ng'ombe utakuwa na ugomvi kila mwaka.

Nyumba ya Mungu, nyanda za kuzunguka bwawa ni kame na sehemu nyingi udongo una magadi. Unauona mweupe juu kama umenyunyiziwa unga. Kilimo kizuri kiko juu zaidi, kwenye skimu, na huko huhitaji bwawa. Ukitaka kupampu maji kutoka bwawa lolote kati ya haya kwa kilimo cha maana, nenda Bodi ya Maji ya bonde ukaombe kibali kabla ya kununua pampu. Nimeona pampu mpya kabisa ikipakiwa kwenye gari la serikali.

Usalama, na hapa usiruke

Watu wakisema "bwawa ni hatari" kila mmoja anamaanisha jambo lake. Kuna hatari ya ukuta, hatari ya kukaa chini ya ukuta, na hatari ya maji yenyewe.

Ukuta wa Mtera ni wa zege, unaegemezwa kwa nyuma na nguzo nene. Zege halitishwi sana na maji yakipita juu kwa muda. Linachotegemea ni mwamba uliopo chini na pembeni. Nyumba ya Mungu ni tuta. Tuta la udongo na mawe likijengwa vizuri linadumu vizazi, lakini lina maadui wawili. La kwanza ni maji kupita juu yake: yanakula mgongo wa nyuma, na yakishaanza kula hayaachi. Ndiyo maana kila tuta lina utoro wa maji, njia ya pembeni ya kupitishia ziada, na utoro ukizibwa na magogo au ukijengewa kibanda, bwawa zima limewekwa rehani. La pili ni maji kupenya ndani kwa ndani. Tuta lolote linavuja kidogo, na wahandisi hupima uvujaji huo. Maji meupe yanayotiririka chini ya tuta ni ya kupimwa. Yakigeuka kuwa ya tope, tuta linabebwa kutoka ndani, hapo ni kukimbia na kupiga simu. Miti mikubwa na mashimo ya wanyama kwenye tuta ni mwanzo wa njia hiyo, kwa hiyo ukiona wanafyeka nyasi za tuta usidhani ni urembo.

Niseme ukweli, mabwawa makubwa ya umeme si yanayoninyima usingizi. Yana walinzi, wahandisi, vipimo, na kina kinaandikwa kila siku. Ninayoyaogopa ni mabwawa madogo ya mashamba yasiyojulikana na mtu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, kule Solai, Nakuru, nchini Kenya, tuta la bwawa la shamba la Patel lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40 wakiwa majumbani.

Kukaa chini ya ukuta ni habari nyingine. Bwawa likijaa lazima lifunguliwe, na mto uliouzoea ukiwa wa kuvuka kwa miguu unapanda ghafla siku ambayo kwako hakuna hata wingu. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti walifurika. Wakazi wengi walilalamikia maji yaliyoachiwa kutoka Bwawa la Nyerere, serikali ikasema bila bwawa lile mafuriko yangekuwa makubwa zaidi. Hata pande zote mbili zikiwa na hoja, nyumba iliyokuwa bondeni ilizama. Kwa hiyo chumba chako cha kupanga, ghala lako na tanuri la kukaushia samaki viwe upande wa juu wa bwawa, maji yanakotokea, au pembeni kwenye kilima. Usipange kwenye mkondo chini ya milango, hata kodi iwe ya bure. Tangazo la kufungua milango likipita, hata kama ni la kipaza sauti cha bodaboda, liamini.

Maji yenyewe ndiyo yanayoua wengi, kimya kimya. Mamba wapo mabwawa yote mawili. Mtera viboko pia, na kiboko hana haja ya sababu. Usichote maji palepale kila siku saa ileile. Mamba anajifunza ratiba yako. Upepo wa alasiri Nyumba ya Mungu unainua mawimbi ambayo mtumbwi mdogo uliojaa hauyawezi, rudi kabla. Mtera usisafiri usiku kwa mtumbwi wa injini kama dereva si mwenyeji, kwa sababu ya visiki vilivyo chini kidogo tu ya maji. Jaketi la kuokolea maisha linunue kabla ya jokofu la barafu. Na kichocho: maji yaliyotulia yenye majani ndiyo makazi ya konokono wake, kwa hiyo usisimame humo miguu mitupu ukipanga samaki asubuhi nzima, kama nilivyofanya mimi hadi nikaanza kukojoa damu.

Juu ya ukuta wa Mtera gari likipita, usitoe simu kupiga picha. Kuna askari, na hawana utani.

Na lile jipya?

Najua utauliza: kwa nini tusiende Bwawa la Nyerere, ambalo ndilo jipya, ndilo lenye karamu? Ni kweli, maji yalianza kujazwa Desemba 2022, eneo lake likijaa ni kubwa kuliko la Mtera, na hesabu ya samaki niliyokueleza inasema miaka yake minono ni hii. Lakini limezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na Pori la Akiba la Selous. Ndani ya hifadhi ya taifa huvui unavyotaka, huweki kambi, hujengi tanuri. Anayekuambia ana mtu wake atakayekupitisha, mwombe akuoneshe kibali cha maandishi, halafu tazama atakavyobadilisha mazungumzo.

Ningekuwa wewe

Kwa mtaji wa mafao, bila gari, ukiwa peke yako: Mtera, upande wa Migoli, kuanzia mwezi wa tano wakati bwawa limetoka kupokea masika. Nunua, safirisha, lala Dodoma, rudi. Usijenge chochote mwaka wa kwanza. Panga. Ukiona kina kinashuka haraka kuliko kawaida, punguza mkono mapema, kabla bei haijaanza kukudanganya.

Kama ungekuwa na gari na wateja wawili watatu wa hoteli Moshi, ningekuambia Nyumba ya Mungu, mwalo wa Kagongo au Lang'ata, baada ya kuuliza ratiba ya kufunga na kufungua. Ni bwawa dogo, limevuliwa kwa nusu karne na zaidi, lakini maji yake hayana vituko kama vya Ruaha, na samaki mmoja mkubwa safi anauzwa bei ya watatu.

Kulima, sahau kwa sasa. Tena usiniletee habari ya kununua shamba mwezi wa tisa.

Alisoma yote, akanijibu kwa sentensi moja: "Sawa mjomba, lakini wewe mbona ulikaa kwa hasara mwaka mzima?" Sikumjibu hilo.

Mwezi wa tano alikwenda Mtera na masanduku mawili ya barafu. Wiki ya pili alinitumia picha, nikadhani ni ya samaki. Ilikuwa ya mti mkavu, yeye amesimama kando yake magoti yakiwa majini, mkono ameunyoosha juu kabisa, na ncha ya kidole chake bado haijafika kwenye ule mstari.